Umepandisha Windows, mtandao umekata? Usikimbilie kununua mazabodi!

Leo tuache siasa na mpira kidogo, tuongelee kitu kinachowatoa watu hela bure kila siku huku mtaani.

Kompyuta ilikuwa inaingia intaneti vizuri tu. Mtu akapandisha mfumo endeshi, tuseme akaitoa Windows 10 akaipeleka Windows 11. Ikawaka safi, inapendeza kweli, lakini intaneti hakuna! Akiitwa fundi anachungulia dakika mbili, anatikisa kichwa: "Kadi ya mtandao imekufa hii, na imeshikana na mazabodi. Tafuta laki mbili."

Jamani, tulia kwanza. Usitoe hata mia.

Kilichonifanya niandike ni dogo mmoja anayesimamia kafe yenye kompyuta nne hapa Dar. Kama mnavyojua, Microsoft ilisimamisha marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Bosi wake akasikia habari hizo akasema mashine zote zibadilishwe, hataki wateja waibiwe neno la siri kwenye kafe yake. Dogo akakesha Jumamosi nzima. Tatu zikapanda Windows 11. Ya nne, laptopu ya kaunta, ni ya zamani, Windows 11 ikaikataa, akaamua kuifuta na kuiwekea Linux Mint.

Jumapili asubuhi zote nne zinawaka, hakuna hata moja inayofungua ukurasa. Fundi akaja, akatoa hukumu: kadi zote nne zimekufa. Bosi naye akatoa yake: wewe ndiye uliyezigusa, hela itakatwa kwenye mshahara. Na Jumatatu kuna vijana wameshaweka oda ya kuja kujaza fomu zao za kuomba vyuo.

Sasa fikiri kidogo tu. Umeme haukuruka, radi haikupiga, kadi nne zife usiku mmoja? Haiingii akilini. Nilikaa naye mchana mzima, tukakuta matatizo manne tofauti, na hakuna kadi hata moja iliyokufa.

NINI KINATOKEA UKIPANDISHA

Kadi ya mtandao ndiyo kifaa kinachotuma na kupokea data, iwe kwa waya au kwa Wi-Fi. Zamani kompyuta nyingi zilikuwa na kadi ya kuchomeka pembeni, ikifa unachomoa unaweka nyingine. Siku hizi kadi ya waya inakuja imeshaunganishwa kwenye mazabodi, ndiyo maana mafundi wanapata pa kukutishia.

Kadi yenyewe haijui Windows wala Linux. Katikati yao kuna programu inayoitwa draiva, na hiyo ni kama mkalimani. Windows inasema "tuma hiki", draiva inatafsiri kwa lugha ya kadi ile. Unapobadilisha mfumo, bosi amebadilika. Mkalimani wa zamani anaweza kuwa hamjui bosi mpya, au kaachwa nje kabisa. Kadi iko palepale, nzima, ila hakuna anayeongea nayo.

Kuna jambo moja zaidi linalowakuta wenye mashine za zamani. Windows 11 haina toleo la biti 32, ni biti 64 tu. Kwa hiyo ile CD ya draiva uliyoitunza tangu enzi za XP, kama ni za biti 32, haitakusaidia kitu.

Kanuni ni moja, ishike: anza chini kabisa, panda juu hatua kwa hatua, na usiruke. Waya na taa, halafu draiva, halafu anwani, halafu majina ya tovuti na mipangilio. Haya, twende mashine kwa mashine.

MASHINE YA KWANZA: KADI HAINA MKALIMANI

Kwanza tuliangalia nyuma, pale waya unapochomekwa. Kwenye mashine nyingi kuna vitaa viwili vidogo. Taa ilikuwa inawaka. Tukachomoa waya tukaweka wa mashine jirani ili kuhakikisha. Bado ni vilevile, basi waya hauna kosa.

Tukabofya kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Start, tukachagua Device Manager. Hapa ndipo unapoona vifaa vyote. Chini ya Network adapters hakukuwa na kadi ya waya. Lakini chini ya Other devices kulikuwa na kitu kimeandikwa Ethernet Controller kikiwa na alama ya njano. Tukakibofya mara mbili, kikasema Code 28. Maana yake ni nyepesi: kifaa nakiona, draiva yake haijawekwa. Mnaona? Kompyuta yenyewe inakiri kuwa kadi ipo!

Sasa ni kadi ya kampuni gani? Nenda kwenye Details, chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_ halafu herufi na namba nne. Hizo nne ndizo jina la ukoo wa kadi: 10EC ni Realtek, 8086 ni Intel, 14E4 ni Broadcom, 168C ni Atheros. Yetu ilisema VEN_10EC&DEV_8168, yaani Realtek, kadi ya kawaida kabisa iliyojaa kwenye kompyuta za mezani.

Tatizo linakuja hapa: draiva iko kwenye intaneti, na intaneti inataka draiva. Utafanyaje? Simu yako ya Android inatosha. Ichomeke kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya kugawa intaneti, washa ile ya kupitia USB. Mara nyingi kompyuta itaiona simu kama kadi mpya ya mtandao na utaingia kwa bando lako. Ila angalizo! Windows ikionja intaneti tu inaweza kuanza kupakua masasisho yake na bando likaisha hujafanya kitu. Nenda kwenye Settings, Network & internet, fungua muunganisho huo, washa Metered connection ili kuipunguza kasi ya kula. Njia nyingine ni kupakua draiva kwenye simu yenyewe, kisha ukaihamishia kwenye kompyuta kama unavyohamisha picha.

Chukua draiva kwenye tovuti ya aliyetengeneza kompyuta (Dell, HP, Lenovo na wengineo) kwa kuandika namba ya modeli iliyobandikwa kwenye mashine. Tovuti zinazokuahidi "programu moja ya kurekebisha draiva zote" ziogope. Nyingi ni za kukuingiza mkenge, unatafuta draiva unaondoka na virusi.

Tukaweka draiva, alama ya njano ikaondoka. Dogo akaruka kwa furaha... halafu akafungua ukurasa, haufunguki. Twende mashine ya pili, maana sasa zilikuwa zinaumwa ugonjwa mmoja.

MASHINE YA PILI: KADI NZIMA, ANWANI HAINA

Hapa kadi ilikuwa inaonekana vizuri, hakuna alama ya njano. Tukafungua dirisha jeusi la amri (andika cmd kwenye sehemu ya kutafutia), tukaandika:

ipconfig /all

Ikaleta anwani inayoanza na 169.254. Mdau, namba hiyo ikariri kama namba ya simu ya mama yako. Maana yake kadi inafanya kazi, iliomba anwani kwenye mtandao, hakuna aliyeijibu, ikaamua kujipa yenyewe. Ukiona 169.254 na mtu anakwambia kadi imekufa, huyo anakupiga. Kadi iliyokufa haiombi anwani.

Kwa nini hakuna aliyejibu? Tukamuuliza dogo ruta ilipangwaje. Kumbe aliyeifunga kafe hiyo zamani alizima ugawaji wa anwani kwenye ruta, akawa anaandika anwani kwa mkono kwenye kila mashine. Draiva mpya ilipoingia, Windows ikaiona kadi kama mgeni, ikaiita Ethernet 2, na anwani ya zamani ikabaki kwa yule Ethernet asiyekuwepo tena.

Dawa ziko mbili. Moja, andika tena anwani kwa mkono, kwa mfano 192.168.1.14, ya pili yake 255.255.255.0, na geti 192.168.1.1, kutegemea na ruta yako. Hakikisha hairudii ya mashine nyingine, la sivyo zitagombana. Mbili, ingia kwenye ruta uwashe ugawaji wa anwani, palipoandikwa DHCP. Sisi tulichagua ya pili, tukaipangia igawe kuanzia 100 hadi 150 ili isigongane na zile zilizoandikwa kwa mkono. Mashine ya kwanza na ya pili zikaingia mtandaoni dakika ileile. Bosi ambaye alikuwa amenuna kwenye kiti akaanza kusogea karibu.

MASHINE YA TATU: KILA KITU KIPO, KURASA HAZIFUNGUKI

Hii ilikuwa na anwani yake nzuri ya mkono, haijapotea. Hapa ndipo unapotumia amri ya ping, kama kumpigia mtu hodi na kusubiri aitikie. Fuata mpangilio huu:

1. ping 192.168.1.1 (au anwani ya ruta yako). Ikijibu, njia ya ndani ya kafe ni nzima.
2. ping 8.8.8.8 (hiyo ni seva ya Google). Ikijibu, umetoka nje, intaneti ipo.
3. ping google.com. Ikigoma wakati ya pili imejibu, tatizo ni seva ya majina, ile DNS. Kadi haihusiki.

Zote tatu zilijibu! Lakini kivinjari hakifungui kitu. Basi kama kadi, anwani na majina viko sawa, kosa liko juu kabisa, kwenye mipangilio. Tukaingia Settings, Network & internet, Proxy. Tukakuta imeelekezwa ipitie kwenye mashine ya kaunta. Zamani kaunta ndiyo iliyokuwa ikipitisha intaneti ya wateja, na mashine hii moja ilibaki na mpangilio huo. Dogo alipoifuta kaunta na kuweka Linux, mlinzi wa mlangoni akaondoka, na mashine ya tatu ikabaki inabisha hodi nyumba isiyo na mtu. Tukazima swichi ile ya proksi. Imekwisha!

Kwenye kundi hili pia angalia antivirusi na programu za VPN za zamani. Hizo hupenda kujibandika katikati ya kadi na mfumo, na baada ya kupandisha zinaweza kuziba njia. Ziondoe, washa upya, ujaribu. Ukishindwa kabisa, Windows 11 ina Network reset chini ya Advanced network settings. Inafuta kadi zote na kuziweka upya na mipangilio ya mwanzo. Ila andika pembeni anwani zako na neno la siri la Wi-Fi kwanza, maana vinasahaulika.

MASHINE YA NNE: LINUX NA WI-FI YA BROADCOM

Laptopu ya kaunta haikutumia waya, ilitumia Wi-Fi. Linux Mint ikawaka lakini orodha ya Wi-Fi tupu. Tukafungua dirisha la amri tukaandika:

rfkill list

Hii inakwambia kama Wi-Fi imezimwa na kitufe cha pembeni au na programu. Haikuzimwa. Tukaandika:

lspci -nnk

Ikaorodhesha vifaa vyote. Kwenye Network controller ikasema Broadcom, namba inaanza na 14e4, na chini yake hapakuwa na mstari wa Kernel driver in use. Ugonjwa uleule wa mashine ya kwanza kwa lugha nyingine: kadi ipo, mkalimani hayupo. Baadhi ya kadi za Broadcom zinatumia draiva ambayo haiko wazi, kwa hiyo Linux haiwashi yenyewe.

Simu tena kwa USB, tukafungua Driver Manager ya Mint, ikapendekeza draiva ya Broadcom, tukakubali. Zingatia hili: kama kompyuta ina ulinzi wa Secure Boot, itakuomba utunge neno la siri wakati wa kuweka draiva, na ukiwasha upya itakuletea skrini ya buluu ikiuliza neno hilo. Watu wengi wanaipita skrini hiyo kwa woga, halafu wanalalamika draiva haifanyi kazi. Usiipite, chagua Enroll MOK, andika neno lako.

JE, KADI HAIFI KWELI?

Inakufa, sikatai. Radi na umeme wa kuruka vinaua kadi za waya. Lakini kabla hujakubali msiba, fanya haya:

1. Zima kompyuta kabisa huku umeshikilia Shift unapobofya Shut down. Windows ina kuzima kwa nusu ili iwake haraka, na hapo kadi inaweza kubaki imezubaa. Kisha chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, rudisha umeme, washa.
2. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS uone kama kadi haijazimwa huko.
3. Kama Device Manager inasema Code 10, yaani kifaa kimeshindwa kuanza, nenda kwenye Driver, bonyeza Roll Back Driver kama haijafifia. Hiyo inarudisha draiva ya awali.
4. Hili ndilo hakimu wa mwisho: weka Linux kwenye flashi, washa kompyuta kwa flashi hiyo bila kuisakinisha. Haigusi Windows yako. Kadi ya waya ikifanya kazi humo, ujue kifaa ni kizima na tatizo ni draiva au mipangilio. Mweleze fundi hivyo uone atakavyobadilisha lugha.

Ikiwa umetumia waya mzima na tundu zima la swichi, taa haiwaki, BIOS haina shida, na hata Linux ya flashi haiioni, hapo tunaweza kusema inna lillahi. Na hata hapo mazabodi hainunuliwi! Kuna kadi ndogo za mtandao za kuchomeka kwenye USB, zinauzwa Kariakoo na kwingineko kwa bei isiyokaribia ya mazabodi hata kidogo. Unachomeka, unaendelea na kazi.

SIKU NYINGINE, KABLA HUJAPANDISHA

Dogo angelala usingizi wake kama angefanya mambo matatu. Mosi, andika ipconfig /all na upige picha skrini kwa simu. Pili, tunza draiva zako kwenye flashi. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, tengeneza folda kwenye flashi, tuseme D:\draiva, uandike:

pnputil /export-driver * D:\draiva

Hapo draiva zote ulizoziongeza zinajinakili. Baadaye kwenye Device Manager unachagua Update driver na kuielekeza kwenye folda hiyo. Tatu, panda mashine moja kwanza, itumie siku mbili tatu, ndipo uguse nyingine. Umezipandisha zote nne usiku mmoja, ukikwama utaazima intaneti wapi?

Na kama umepanda juu ya Windows ya zamani bila kufuta na hali ni mbaya, una siku 10 za kurudi ulikotoka: Settings, System, Recovery, Go back. Zikipita, nafasi hiyo inafungwa.

Basi wadau, Jumatatu saa mbili asubuhi kafe ilifunguliwa, vijana wakajaza fomu zao. Gharama yote ilikuwa bando la dogo, na bosi akamrudishia. Fundi alipopita jioni kuulizia laki zake akakuta mashine nne zinapiga kazi, akasema "aah, zimepona?" Hazikuwa zinaumwa, kaka.

Kama umekwama, weka hapo chini kwenye maoni: umetoka mfumo gani kwenda upi, Device Manager inasema Code ngapi, na anwani yako inaanza na namba gani. Ukija na "intaneti haishiki" peke yake tutaishia kubahatisha. Na wewe uliyewahi kuambiwa ununue mazabodi kwa kosa la draiva, tupe kisa chako, wenzako wasije wakapigwa.

Tuko pamoja!